Jeraha la Jana, Maisha ya Leo: Rosa na Maimuna katika Riwaya ya Kiswahili

Tangu ilipochapishwa mwaka 1971, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, imehakikiwa zaidi kama riwaya ya malezi. Zakaria ni baba mlevi na mkali. Ukali wake unamharibu bintiye. Wazazi na wajihadhari. Usomaji huu una msingi katika riwaya yenyewe, na haustahili kubezwa. Kasoro yake ni kwamba unaishia njiani. Unaeleza jinsi jeraha lilivyopatikana, lakini hauelezi kwa nini halikupona. Rosa hafi siku anayopigwa. Anaishi miaka kadhaa baada ya hapo, anasoma, anafuzu, anarudi nyumbani, na katika miaka hiyo ndimo lilimo swali ambalo uhakiki umelipita kwa haraka: mtu aliyeumizwa nafsi ataishije leo yake, ikiwa wanaomzunguka wanaidai jana yake tu?

Kipigo anachopata Rosa kwa sababu ya barua ya Charles kinamfundisha kwamba kumjua mvulana ni hatari. Huko shule ya bweni anaishi na hofu hiyo. Baadaye, akiwa mbali na mkono wa baba, hofu inageuka kuwa kinyume chake. Hapa Kezilahabi anaweza kulaumiwa kidogo. Mgeuko huo unakwenda kama kamba iliyokazwa mno kisha ikaachiwa, na msomaji haonyeshwi vya kutosha yanayopita moyoni mwa msichana kati ya hali moja na nyingine. Hata hivyo, jambo moja limechorwa kwa uaminifu mkubwa: Rosa anakaripiwa, anaadhibiwa na kutamaniwa, lakini ni nadra sana kuulizwa kilichompata. Regina, mama yake, ana huruma. Ila naye anapigwa na mtu yule yule, na huruma isiyo na nguvu ndani ya nyumba haiwezi kuwa tiba.

Kitovu cha riwaya, kwa mtazamo wa makala haya, ni uchumba wa mwisho na Charles wala si kile kipigo. Rosa amekwisha kuchoka na maisha aliyoyaishi na anataka mengine. Kwa lugha ya leo ingesemwa kwamba ameanza kupona. Charles hataki kujua Rosa amekuwa nani, anataka bikira. Bikira ni kipimo cha ajabu, kwa kuwa hakipimi chochote ambacho mtu anaweza kukitenda leo. Hakina toba wala juhudi, na hakina mwaka wa majaribio. (Charles mwenyewe, ikumbukwe, hatakiwi kupimwa kwa lolote.) Anapojua ukweli, uchumba unavunjika, na Rosa anajiua.

Nadharia za kiwewe zimezoea kusema kwamba yaliyopita humvamia aliyejeruhiwa kupitia kumbukumbu zake mwenyewe: ndoto, mshtuko, woga usio na sababu ya wazi. Rosa Mistika inaonyesha njia nyingine. Yaliyopita yanaletwa mlangoni na watu wengine, wakati mwenyewe anajaribu kuyaacha. Nadharia inayomtazama mgonjwa peke yake haitamwona Charles. Pengine ndiyo sababu mwandishi anaihamishia kesi ya wazazi mbinguni, mbele ya Mungu: duniani hapakuwa na baraza la kuisikiliza.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) inaanza karibu na hapo hapo. Maimuna anafungiwa ndani na baba yake, Maksuudi, anatoroka, anaangukia ulevi na uimbaji wa Rumbalola. Tofauti ni kwamba Maimuna anarudi na kupokelewa, na Kabi anamwoa akiwa na historia yake yote. Kisanaa, marejeo hayo yamekwenda mbio. Mwandishi aliyetumia kurasa nyingi kumshusha Maimuna anatumia chache mno kumwinua, na kupona kunaonekana kama zawadi zaidi ya kazi. Lakini fikra iliyomo ni nzito. Nyumba inayomponya si safi: Bi Farashuu ana kisasi chake cha zamani na Maksuudi, na msaada wake kwa Maimuna hauwezi kutenganishwa nacho. Maimuna hapewi mahali pasipo na jana. Anapewa mahali ambapo jana yake inajulikana na haitumiwi tena kama hukumu.

Tofauti hii inawahusu moja kwa moja wanaoandika sera. Kenya imekuwa na mwongozo wa kuwarejesha shuleni wasichana waliopata ujauzito tangu mwaka 1994. Tanzania ilitangaza Novemba 2021 kwamba wanafunzi wa aina hiyo wataruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Hatua hizo zilihitajika, na kwa Tanzania zilichelewa. Hata hivyo, waraka unamrudisha msichana hadi kwenye dawati. Haumzuii mwalimu kumtolea mfano mbele ya darasa, wala haumkatazi jirani wa dawati kuuliza swali la Charles kwa maneno mengine. Sera inayohesabu waliorudi bila kuuliza waliyoyakuta itakuwa imeisoma Rosa Mistika nusu. Ni kinaya kidogo kwamba riwaya hiyo yenyewe iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania, ikazuiliwa isiwafikie wasichana ambao ingewasemea.

Uhakiki nao una deni. Umeandika mengi kuhusu anguko la mwanamke katika riwaya ya Kiswahili na machache kuhusu siku za kawaida zinazofuata: kufua, kufundisha, kulea, kuitwa kwa jina bila mnong'ono nyuma yake. Waandishi wenyewe wamezipitia siku hizo kwa haraka, na Utengano ni mfano. Asubuhi ya pili ya Maimuna katika nyumba ya Kabi bado haijaandikwa.