Fundi Hutambulika kwa Anavyofunga

Kufungua gari si kazi. Mpe kijana yeyote mwenye nguvu seti ya spana, na kabla ya adhana ya adhuhuri atakuwa amekutandazia nusu ya injini juu ya gunia. Kazi iko kwenye kurudisha: nati ipi itangulie na ipi ifuate, washa ipi ni ya kutupa na ipi inarudi, wapi panataka nguvu za mkono mzima na wapi vidole vinatosha. Nimekaa kwenye mabenchi ya gereji nyingi, zile zenye sakafu ya saruji na mashine za kunyanyulia, na zile gereji bubu za chini ya mwembe. Kanuni niliyoondoka nayo ni moja: usimpime fundi kwa anavyofungua, mpime kwa anavyofunga.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwenye gari ambaye hajawahi kushika spana. Si kila mla pilau anajua kuipika, lakini kila mla pilau anaijua iliyochambuka na iliyogandamana. Kazi ya gereji nayo ina ladha yake, na ukishaijua, hutapelekwa ovyo.

Kabla ya spana

Fundi mzuri huanza kwa maswali. Kelele inasikika wakati gani: ukipita tuta, ukikata kona, au ukikanyaga breki? Gari likiwa bado baridi, au likishapata moto? Kisha ataomba mzunguke naye mtaa mmoja, dirisha wazi na redio imezimwa. Anajua kwamba mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda mara nyingi ni beringi ya gurudumu. Kwamba mlio wa kak-kak unapokata kona hadi mwisho humwelekeza kwenye sivijointi. Na kwamba kugonga kwenye mashimo kunamtuma akatazame busi na boljointi. Anayekutajia spea ya kununua kabla hata hujazima injini anabahatisha, na fedha anayobahatishia ni yako.

Tazama pia anavyonyanyua gari. Aliyeiva katika kazi haingii chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Ataweka stendi, au gogo imara lisilotikisika, na atayawekea vizuizi magurudumu yaliyobaki chini ili gari lisisogee. Asiyeuonea huruma uhai wake mwenyewe hawezi kuuonea wako.

Nati za tairi

Hapa ndipo somo hili liliponiingia. Nilikuwa natoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, siku moja tu baada ya kubadilishiwa pedi za breki za mbele. Nilipopita Mlandizi usukani ukaanza kutetemeka kidogo. Nilidhani ni barabara. Nilipofika Chalinze mtetemo ulikuwa umefika kwenye kiti. Niliposhuka na kugusa gurudumu la mbele kushoto, nati zote nne zilizunguka kwa vidole. Nikakumbuka: fundi alizifunga gari likiwa juu ya jeki, akalishusha, simu ikaita, na hakurudi tena kwenye lile gurudumu.

Nati za tairi hufungwa hivi. Kwanza huingizwa kwa mkono mpaka zikae, upande wake uliochongoka ukielekea kwenye rimu. Kisha hukazwa kwa kuvuka, ya juu halafu ya chini inayotazamana nayo, ili rimu ilale sawasawa. Anayekaza kwa kuzunguka kama mshale wa saa huiacha rimu imeinama upande. Gari likishashushwa hadi tairi likae ardhini, ndipo unapokuja mkazo wa mwisho. Magari mengi madogo ya Toyota yanataka nyutonimita 103, ambazo ni sawa na kusukuma ncha ya spana ya nusu mita kwa uzito wa kilo 21 hivi. Kwa hiyo fundi anayepanda na kurukaruka juu ya spana hafanyi kazi nzuri zaidi. Anavuta boliti, na siku ukipata pancha usiku njiani hutaweza kuzifungua nati. Mwisho, fundi wa kweli atakuambia: “Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, simama uzikaze tena.” Ukisikia neno hilo, mtunze huyo fundi.

Sheria hii ya kumalizia kukaza gari likiwa chini inazihusu pia busi za mikono ya chini, na hiki ni kipimo ambacho wengi hawakijui. Busi ni mpira. Boliti yake ikikazwa magurudumu yakining’inia, gari likishushwa mpira unajisokota, na unabaki umejisokota hivyo kila siku. Utachanika mapema, nawe utailaumu spea. Fundi anayejua huweka boliti, huacha bila kukaza, hulitua gari likae kwa uzito wake, ndipo anapomalizia.

Kumwaga oili

Watu huiona kazi ya kumwaga oili kuwa ya wanagenzi. Mimi huitumia kama mtihani wa kumpima fundi mpya, kwa sababu ni ya bei nafuu na inaonyesha tabia yote. Anapotoa filta ya zamani, je, anapitisha kidole kuhakikisha mpira wake haukubaki umeng’ang’ania kwenye injini? Mpira wa zamani ukikutana na mpya, oili yote inaweza kumwagika barabarani. Je, anapaka oili kidogo kwenye mpira wa filta mpya, kisha anaifunga kwa mkono, ikigusa anaongeza robo tatu ya mzunguko, basi? Je, washa ya nati ya kumwagia oili ni mpya, au ameipindua tu ile ya zamani?

Halafu mtazame na galoni. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye Toyota IST nyingi za cc 1500 zinazotembea mijini kwetu, inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Galoni linalouzwa dukani ni la lita 4. Fundi asiyejali humimina lote ili liishe. Mwenye ujuzi humimina, huwasha injini kidogo, huzima, husubiri dakika kadhaa oili itulie, huchomoa kijiti cha kupimia, hukifuta, hukirudisha na kukisoma gari likiwa mahali tambarare. Oili inatakiwa iwe kati ya alama mbili. Kinachobaki kwenye galoni anakukabidhi. Kile kidogo alichokurudishia kinakueleza zaidi ya cheti kilichotundikwa ukutani.

Breki

Breki hazina nafasi ya majaribio. Pedi zikibaki chini ya milimita 3, muda wake umekwisha, na hubadilishwa za kushoto na kulia kwa pamoja. Aliyebobea haiachi kalipa ining’inie kwa mpira wake wa mafuta. Huifunga juu kwa waya. Huzitoa pini za kalipa, huzisafisha na kuzipaka grisi yake maalumu, kwa maana grisi ya kawaida huvimbisha mpira na pini hukwama. Huifuta diski isibaki na alama ya kidole chenye oili. Akishafunga, kabla gari halijasogea hata hatua moja, huingia na kukanyaga pedali ya breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Asipofanya hivyo, kanyago la kwanza litazama hadi chini, na huenda likazama mbele ya ukuta.

Muulize pia kuhusu mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na sisi wa pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, tunaishi ndani ya unyevu. Yakiwa mapya, mafuta ya daraja la DOT 3 hayachemki chini ya nyuzi joto 205. Yakishanyonya maji ya asilimia 3 hadi 4, yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Shuka mlima wa Kitonga umekanyaga breki muda wote badala ya kuingiza gia nzito, na joto hilo litafikiwa. Mafuta yakigeuka mvuke, pedali inazama na gari haliitiki. Kwa hiyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, na upepo utolewe gurudumu moja baada ya jingine. Fundi anayeongezea tu juu ya mafuta yaliyogeuka rangi ya chai ya rangi hajamaliza kazi.

Kipimo chako ni hiki: tembea kilomita chache, simama mahali salama, sogeza kiganja karibu na rimu bila kugusa. Joto la kushoto na la kulia la mbele lifanane. Likitofautiana sana, kuna upande umeshika.

Maji na joto

Rejeta huharibiwa na maneno mawili: “weka maji”. Maji ya kisima, hasa ya visima vya chumvi tulivyonavyo jijini, hujaza kutu na magamba ndani ya njia nyembamba za rejeta. Kinachotakiwa ni kuleti (coolant) yenyewe, iliyochanganywa kama kopo linavyoelekeza. Mfuniko wa rejeta nao si kifuniko tu. Hushikilia mgandamizo unaofanya maji yasichemke hata yakivuka nyuzi 100. Ndiyo maana haufunguliwi injini ikiwa ya moto, maana yanayoruka huchoma uso.

Sasa sikiliza kauli itakayokuonyesha fundi wa kumwepuka: “Nimekutolea themostati, huku kwetu joto, haihitajiki.” Themostati huzuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake, kwenye nyuzi 80 na kitu. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, kompyuta yake inaongeza mafuta, na wewe unalipia kituo cha mafuta kila wiki. Gari lilikuwa linachemsha kwa sababu fulani. Fundi huyo hakuitafuta.

Anayefunga vizuri hasemi amemaliza alipokaza mfuniko. Anaiacha injini iungurume mpaka feni iwake yenyewe na kuzima, anaminya mipira ili upepo utoke, anaongeza, kisha anatazama kikopo cha akiba: maji yawe kati ya mstari wa chini na wa juu. Upepo uliobaki ndani hauonekani siku hiyo. Unaonekana siku ya tatu, ukiwa kwenye foleni.

Spea, waya na vilivyobaki

Spea ya zamani irudi kwako ndani ya boksi la spea mpya. Hiyo ni desturi ya mafundi waungwana, nawe idai bila kuona haya. Ukienda kununua Kariakoo, au Kirinyaga Road kama uko Nairobi, nenda na ya zamani mkononi: linganisha uzito, namba iliyochongwa na matundu ya boliti. Spea feki mara nyingi ina boksi zuri na chuma chepesi.

Kwenye umeme, tazama vitu viwili. Vichwa vya betri vishike vyenyewe. Ukikuta kimekazwa kwa msumari au kipande cha bati, fundi alikuwa na haraka. Na fyuzi iwe fyuzi. Waya uliozungushwa badala ya fyuzi hautakatika umeme ukizidi, utaunguza gari.

Mwisho kabisa, tazama gunia. Kama pamebaki boliti na ukaambiwa “hizi ni za ziada”, usiondoke. Kiwanda hakikutia boliti ya ziada kwenye gari lako.

Cheti kilichoandikwa kwenye tairi

Baada ya miezi michache tairi litakusomea matokeo ya mtihani. Likilika katikati, upepo umezidi. Likilika kingo zote mbili, upepo ni mdogo. Likilika upande mmoja, alaimenti haikupangwa au kuna kitu kimelegea chini. Likiwa na mabonde, shokapu zimechoka. Upepo upimwe tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, si kwa kupiga teke. Na ukinunua tairi, soma tarakimu 4 za mwisho baada ya neno DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri na umri mbaya. Meno yakifikia vile vituta vya ndani ya mifereji, yaani milimita 1.6, limekwisha.

Ukimpata fundi anayefunga hivi, usimpunje. Dakika 20 za kukaza kwa mpangilio, kusubiri oili itulie na kungoja feni iwake ndizo zinazokurudisha nyumbani, na ndizo za kwanza kukatwa mteja anapokazania bei ya chini na gari la haraka. Mpe muda wake, mpe haki yake.

Nawe, kabla hujawasha gari kutoka gereji, zunguka. Gusa nati za kila gurudumu lililofunguliwa, chomoa kijiti cha oili, tazama kikopo cha maji, kanyaga breki mara tatu, kisha inama uangalie chini kama kuna tone. Dakika tano zinatosha.