Kuunga Maneno Mbele ya Mtahini: Uhakiki wa Upimaji wa Kiingereza cha Kusemwa

Mtihani wa Kiingereza wa KCSE nchini Kenya una jambo linalostahili kuzingatiwa na wanalugha. Karatasi yake ya kwanza, yenye alama 60, imetenga alama 30 kwa stadi za kusema. Lakini mtahiniwa hasemi neno hata moja, wala hakuna anayemsikiliza. Huandika. Hueleza kwa kalamu jinsi ambavyo angeghani shairi au angejibu simu, na hutaja kasoro za watu wanaozungumza katika mazungumzo yaliyochapwa. Katika karatasi hiyo hiyo mna kifungu chenye mapengo 10, na baadhi ya mapengo hayo hudai viunganishi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba upimaji wa namna hii hujenga fikira potofu juu ya kiunganishi: kwamba ni neno la kuziba pengo, wala si kazi ambayo msemaji humfanyia msikilizaji wake.

Mwanafunzi aliyeandaliwa hivyo hukariri orodha: "moreover", "furthermore", "in conclusion". Maneno hayo hayana kosa. Makazi yake ni insha na hotuba. Katika mazungumzo, Mwingereza mwenyewe hutegemea zaidi "so", "but", "because", "anyway" na "well". Neno "well" mwanzoni mwa jibu haliungi kishazi na kishazi; humtahadharisha msikilizaji kwamba jibu lijalo huenda lisiwe lile alilolitazamia. Mtahiniwa anayeulizwa kama anaupenda mji wake, akalifuatisha kila wazo na "furthermore", huwa ameziunga sentensi zake, lakini amemwacha mwenziwe nje ya mazungumzo.

Je, kijana huyo hajui kuunga maneno? Mfano wa Gilgil unafaa kujibu swali hili. Mji huo, ulio kwenye barabara kuu kati ya Naivasha na Nakuru, pamoja na kambi zake za jeshi na shule zake za bweni, hukutanisha wasemaji wa Kikuyu, Kimaasai, Kikalenjin, Kiturkana na lugha nyinginezo. Kiswahili kinachowaunganisha ni kile cha bara. Ichukuliwe sentensi ya kawaida ya huko: "Matatu ilikuwa imejaa, ndio nikangoja ingine, juu sikutaka kusimama mpaka Nakuru." Mwalimu wa Kiswahili sanifu ataifuta "juu" na kuandika "kwa sababu", naye atakuwa na haki yake. Lakini kabla ya kufuta, na atazame. "Ndio" imeleta tokeo. "Juu" imeleta sababu, tena imeileta mwishoni, pale msikilizaji anapoanza kujiuliza kwa nini mtu aliiacha gari ikaenda. Mpangilio huo ni wa mazungumzo hasa. Anachokosa msemaji huyo ni "so" na "because" tu, wala si "consequently".

Kiswahili sanifu nacho kina somo lake. Katika maandishi, "kwani" huleta sababu: "Hakuja, kwani alikuwa mgonjwa." Mdomoni, neno lilo hilo hufungua swali linaloipinga dhana ya mwenzio: "Kwani hukumwona?" Hali kadhalika "sasa" ya msimulizi haitaji wakati, bali hugeuza hadithi, "yaani" hurudi kufafanua, "kumbe" hutangaza kwamba aliyosadiki mtu sivyo yalivyo, na "basi" hufunga shauri. Anayeyatumia maneno haya bila kufundishwa tayari ameufahamu msingi ambao orodha ya viunganishi haiwezi kumpa.

Suala hili si la nadharia tu. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mkataba wa kuajiri wahudumu wa afya. Baadaye Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alieleza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 tu ndio waliofaulu. Idadi hiyo haiwezi kubebeshwa viunganishi peke yake. Hata hivyo yafaa kukumbuka kwamba katika IELTS, mmojawapo wa mitihani inayokubaliwa kwa kazi hiyo, mtahiniwa huketi mbele ya mtahini kwa dakika 11 hadi 14. Na vigezo vyake huhesabu matumizi ya kupita kiasi ya viunganishi kuwa dalili ya udhaifu. Orodha iliyosifiwa darasani yaweza kumponza mwenye kuikariri.

Huenda ikatolewa hoja kwamba haiwezekani kuwasikiliza watahiniwa wote, ambao mwaka 2024 walizidi 900,000, na kwamba masikio ya watahini hutofautiana. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mtahiniwa wa Kifaransa katika KCSE hiyo hiyo hupimwa kwa mdomo. Ni kweli kwamba watahiniwa wake ni wachache. Hata hivyo mfano huo unathibitisha kwamba Baraza la Mitihani linajua namna ya kusikiliza. Mtaala wa umilisi, ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka 2017, nao unaruhusu tathmini ifanyike shuleni kidogo kidogo. Kinachopungua si njia, bali ni kukubali kwamba usemi hupimwa kwa usemi.

Pendekezo linalofuata ni jepesi. Mwalimu na aanze na mazungumzo ya Kiswahili ya wanafunzi wenyewe, awaulize kila kiungo kinamfanyia nini msikilizaji, kisha awatafutie neno la Kiingereza lenye kazi hiyo. Orodha ya insha ibaki kwenye insha. Ama mtihani unaotoa alama 30 za kusema pasipo sauti ya mtahiniwa kusikika, huo hupima kumbukumbu ya kanuni za usemi. Usemi wenyewe haujaupima.