Kabla ya Kufuta

Mitaani tunasema "kupiga Windows". Ni kitenzi kilekile cha kupiga pasi, kupiga deki na kupiga rangi, kazi ambazo mtazamaji huziona nyepesi mpaka siku atakapovaa suruali yenye mistari miwili ya pasi mguu mmoja. Kijana yeyote mwenye flashi na saa moja ya nafasi atakupigia Windows. Atakubali kila anachoulizwa na mashine, itawaka, utalipa na kwenda zako. Kwa miaka mingi niliamini kazi ni hiyo tu. Kisha nikakaa mchana kutwa kwenye benchi la fundi mmoja hapa Morogoro, nikamtazama akiisafisha kompyuta mpya ya mpwa wangu, na tangu siku hiyo naiheshimu kazi hii kama ninavyomheshimu seremala anayeunganisha mbao bila msumari.

Kompyuta ilikuwa na wiki mbili tu tangu itoke dukani. Binti alikuwa anaanza mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ukoo ulichanga, na muuzaji alitukabidhi mashine ikiwa imeshatolewa kwenye boksi na kuwashwa. "Kila kitu kimo," alisema. Hazikupita siku kumi, matangazo yakawa yanajitokeza yenyewe kwenye kioo, kinga ya virusi ikakataa kuwaka, na kona ya chini kulia yakajitokeza maandishi ya kudai leseni.

Kibanda cha fundi kina nafasi ya meza mbili, na mlango wake unatazama milima ya Uluguru. Nilichokiona kwanza ni flashi zake. Zilikuwa saba, zimelazwa sambamba kwenye mfuniko wa kopo la biskuti, kila moja imezungushiwa plasta nyeupe ya kufungia vidonda. Juu ya plasta ameandika kwa kalamu jina la mfumo, toleo, mwezi na mwaka.

"Shikamoo fundi," binti alisalimia.

"Marahaba mwanangu. Humu ndani kuna nini ambacho hutaki kipotee?"

"Hakuna kitu fundi, bado ni mpya."

Nilidhani ataanza kazi. Hakuanza. Akauliza tena kwa njia nyingine: tangu uipate umeifanyia nini? Binti akasema amejaza fomu za chuo. Uliziskani wapi? Steshenari. Zikakufikia vipi? Kwa barua pepe. Ulipozifungua zikakaa wapi? Hapo binti akanyamaza. Fundi akafungua kabrasha la vitu vilivyopakuliwa, na humo vikaonekana cheti cha kuzaliwa, matokeo ya kidato cha sita, na fomu ya mkopo yenye saini na mhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Kisha akamwonyesha nywila ambazo kivinjari kilikuwa kimezihifadhi bila yeye kukumbuka, wakaziandika kwenye karatasi ambayo binti mwenyewe aliikunja na kuitia mkobani.

Vyote hivyo vilihamia kwenye diski ya nje. Alichukua nyaraka na picha peke yake. Programu hakugusa hata moja, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umejificha humo. Kabla ya kunakili aliandika kwenye daftari idadi ya faili na ukubwa wake. Baada ya kunakili akalinganisha. Kisha akafungua faili moja baada ya jingine kutoka kwenye ile nakala, maana faili linaweza kuhama na jina lake na bado lisifunguke siku unapolihitaji.

Uangalifu huu una sababu, na sababu yenyewe iko ndani ya diski. Wengi tunadhani kufomati ni kupangusa kila kitu kilichomo. Chukua mfano wa mtaa wenye mjumbe mwenye daftari la wakazi. Daftari linasema nani anaishi nyumba gani. Kufomati kwa haraka ni kulichoma daftari lile na kuanza jipya: nyumba bado zimesimama na watu wamo, ila kwa mujibu wa daftari jipya mtaa ni uwanja mtupu, na yeyote anaweza kupewa kiwanja juu ya nyumba ya mtu. Kwenye diski za zamani, zile za sahani zinazozunguka, mtu aliyewahi mapema aliweza kupita nyumba kwa nyumba na kuwaokoa wakazi. Ndiyo maana kuna mafundi waliozoea kusema, "Usijali, tutarudisha."

Diski za siku hizi za SSD zimelibadili jambo hilo. Windows inapofomati SSD, huitumia amri iitwayo TRIM inayoiambia kwamba maeneo yale hayana mtu tena, na diski yenyewe huyasafisha kimyakimya ili iwe tayari kuandika kwa kasi. Daftari limechomwa na nyumba zimebomolewa usiku huohuo. Hapa ndipo wahenga walipotuambia kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Ufundi ambao zamani ulikaa upande wa kuokoa umehamia upande wa kuuliza, na nafasi ya kuuliza ipo kabla ya kufuta tu.

Baada ya hapo akaigeuza mashine, akamulika tumbo lake kwa tochi ya simu na kunakili namba ya modeli. Kwa namba hiyo akaenda kwenye tovuti ya mtengenezaji akapakua draiva mbili, ya diski na ya waifai, akaziweka kwenye flashi ndogo. Sikuelewa kwa nini azitafute mapema hivyo wakati Windows yenyewe huja na draiva nyingi.

Kisha akafungua dirisha jeusi la amri, akaandika mstari mmoja, na jibu likaja: herufi na tarakimu 25, zimegawanywa mafungu matano. "Hii ni leseni yenu," alimwambia binti. "Mmeinunua pamoja na mashine." Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, watengenezaji huandika ufunguo wa leseni ndani ya chipu iliyoko kwenye mazabodi, mahali ambapo kufuta diski hakupafikii. Muuzaji wetu alikuwa ameondoa mfumo uliotoka kiwandani pamoja na sehemu yake ya kurejeshea, akapachika toleo la juu zaidi lisilolipiwa, na kulifungua kwa programu ya kuvunja leseni. Programu za namna hiyo hutaka kinga ya virusi izimwe kwanza, na mlango ule haukufungwa tena. Binti alikuwa anatumia kitu cha wizi juu ya haki yake mwenyewe. Fundi hakumtukana mtu. Alisema tu, "Alikuwa na haraka," akaendelea.

Faili la Windows alilokuwa nalo alilipakua siku nyingi, lakini alitaka kulihakiki upya, na akamfanya binti awe msaidizi. Kompyuta hupiga hesabu juu ya faili zima na kutoa mfuatano wa alama 64; chanzo nacho hutangaza mfuatano wake. Binti alisoma alama nne nne kutoka kwenye kioo, fundi akifuatisha kwa ncha ya kalamu kwenye karatasi. Mafungu 16. Hata baiti moja ikibadilika ndani ya gigabaiti zile zote, mfuatano mzima hugeuka. Yalipokubaliana yote, akaliandika faili kwenye flashi nyingine kwa kutumia Rufus, programu ndogo ya bure iliyotungwa na Pete Batard. Ina faida ambayo mafundi wanaijua vizuri: mpangilio wa FAT32, ambao mashine nyingi hutegemea wakati wa kuwaka, haupokei faili moja la gigabaiti 4 au zaidi, na faili kuu la Windows sasa mara nyingi limeshavuka kipimo hicho. Rufus hulimudu.

Kabla ya kuzima alihakikisha betri imejaa na chaja imechomekwa, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hii unaiacha mashine njiapanda. Halafu akafanya jambo dogo ambalo bado ninaliona mbele ya macho yangu. Alichomoa ile diski ya nje yenye nakala za binti, akaifungia kwenye droo, akatia ufunguo mfukoni. Programu ya kusimika huziorodhesha diski kwa namba, 0, 1, 2, na mkono uliochoka haujui namba ipi ina fomu ya mkopo. Diski iliyo drooni haiwezi kuchaguliwa kimakosa.

Usimikaji ulianza. Mashine haikuuliza ufunguo wa leseni. Iliusoma yenyewe kutoka kwenye chipu na kuchagua toleo linalouhusu. Ulipofika ukurasa wa kuchagua diski, orodha ilikuwa tupu.

"Fundi, diski imekufa?" Sauti ya binti ilitetemeka.

"Haijafa. Haijatambulishwa."

Kuanzia prosesa za Intel za kizazi cha 11, kompyuta mpakato nyingi huiweka diski nyuma ya kidhibiti kiitwacho VMD, na programu ya kusimika inaweza isiione mpaka ipewe draiva yake. Fundi alielekeza kwenye ile flashi ndogo, akachagua lile faili alilolitafuta kwa tochi saa moja nyuma, na diski ikajitokeza. Nimesikia kwamba penye hatua hii watu wameambiwa wanunue diski nyingine.

Akazifuta patisheni moja moja mpaka ikabaki nafasi tupu. Binti akaona namba: gigabaiti 476. "Boksi liliandikwa 512." Fundi akachukua kalamu. Kiwanda huhesabu kwa 1,000, Windows huhesabu kwa 1,024, na tofauti hiyo ikizidishwa mara tatu kutoka baiti hadi gigabaiti ndiyo inayomeza hizo 36. Hakuna aliyeibiwa. Alimwachia afanye hesabu mwenyewe kwa simu, akasubiri hadi alipoinua kichwa na kutabasamu.

Kwenye ile nafasi tupu Windows ikajipimia viwanja: megabaiti 100 za kuwashia mashine, megabaiti 16 za akiba yake, sehemu kubwa ya mtumiaji, na ndogo ya kurejeshea. Ramani ya viwanja hivyo huandikwa kwa mtindo wa GPT. Mtindo wa zamani, uliokuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983, uliandika patisheni kuu 4 tu na haukuweza kupima diski zaidi ya terabaiti 2 hivi. GPT inakubali 128 katika Windows, na ina tabia iliyonigusa nilipoelezwa: ramani huandikwa mwanzoni mwa diski, na nakala yake huwekwa mwishoni, ili ya kwanza ikiharibika ya pili iwepo. Waliobuni ramani hii walifikiri kama fundi yule na droo yake.

Mashine ilipowaka upya ilidai intaneti, na haikuuona mtandao wowote. Hapo draiva ya pili ikatoka kwenye flashi, waifai ikashika, na baada ya dakika chache leseni ikajithibitisha bila mtu kuandika herufi. Yale maandishi ya kona hayakurudi.

Wengi wangeishia hapo. Fundi alifungua orodha ya vifaa akatafuta kila kimoja chenye alama ya njano, akakipatia draiva yake. Alibonyeza kila kitufe cha kibodi, safu kwa safu. Alijaribu kamera, maiki na spika, akachomeka flashi kwenye kila tundu, akaongeza na kupunguza mwanga. Akafunga kifuniko, akahesabu hadi sitini kimoyomoyo, midomo ikicheza, akafungua kuona kama inaamka. Kwa kazi za kuandika aliweka LibreOffice, isiyohitaji kuvunjwa leseni kwa kuwa ni ya bure. Ni ukoo mmoja na Jambo OpenOffice, ile iliyotafsiriwa kwa Kiswahili chini ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutolewa mwaka 2004.

Ndipo droo ikafunguliwa. Nyaraka zikarudi, idadi ikasomwa dhidi ya daftari, ikalingana. Binti akafungua fomu ya mkopo mwenyewe, akaikuza mpaka mhuri wa mwenyekiti ukajaa kioo.

Nilipotoa hela, fundi alikuwa bado ameinama. Alikata kipande cha plasta, akakizungusha kwenye flashi ndogo aliyokuwa amenakilia zile draiva mbili, akaandika namba ya modeli na tarehe, akampa binti. "Hizi ni za mashine hii. Itakapohitaji tena unaweza kuwa mbali na mimi." Binti aliipokea kwa mikono miwili. Anakaa nayo hosteli hadi leo, ndani ya kibweta cha kalamu. Mwezi uliopita alinipigia simu kuniambia kwamba mwenzake wa chumba alitaka kupigiwa Windows na kijana wa jirani, naye akamzuia kidogo.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwuliza fomu zake aliziskani wapi, mjomba."