Tahadhari ya TMA inafika Olasiti, lakini nani anaijibu?

Kila masika picha ile ile inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Olasiti: ramani ya TMA, mikoa imepakwa njano au rangi ya chungwa. Tuanze na sifa zake. Haiishii kusema mvua itanyesha. Inapima uwezekano wa kutokea na ukubwa wa athari. Na ngazi zake tatu, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, hata mtoto wa darasa la tano anazielewa.

Shida ni kwamba mara nyingi rangi moja inafunika mkoa mzima. Mlima Meru una zaidi ya mita 4,500. Unailazimisha hewa yenye unyevu ipande, ipoe, inyeshe. Mvua inaweza kumwagika kule juu wakati huku chini ni manyunyu tu, halafu korongo linajaa ghafla. Ramani itakuwa imesema kweli, ila mzazi anayejiuliza kama mtoto avuke akitoka shule haijamsaidia. Anamhitaji mtu aliye juu amwambie: maji yanakuja.

Marekani, pengo hilo linazibwa na SKYWARN, mpango wenye waangalizi wa kujitolea kati ya 350,000 na 400,000, wakiwemo watu wa redio za ridhaa. Sababu ni fizikia: mwale wa rada ulioinuliwa nusu digrii, ukifika kilomita 100, uko karibu kilomita 1.5 juu ya ardhi. Yanayotokea chini yake hauyaoni. Jicho la mtu linayaona, na redio inayafikisha hata minara ya simu ikizimika.

Basi tuige? Wengi watakimbilia kununua simu za upepo, na hapo ndipo tutakosea. Redio si kazi ngumu: leseni inatoka TCRA, na wati 5 zinatosha mteremkoni kama hakuna kilima kinachokinga njia. Kigumu ni mtu wa kupima. "Mvua ni balaa" si taarifa. "Saa 10:20 jioni, milimita 30 ndani ya nusu saa, maji yamegusa daraja" ndiyo taarifa. SKYWARN inafundisha hilo, kwa takriban saa mbili tu.

Kwa hiyo tuanze na kopo la kupimia mvua, saa na darasa la jioni moja. Redio ifuate. Na TMA nao, chini ya ramani ile, waongeze mstari mmoja: wewe umeona nini?