Jicho Lililolowa

Picha nyingi za bahari kwa hakika ni picha za pwani. Mpigaji husimama penye mchanga mkavu, huiweka kamera yake juu ya miguu mitatu, kisha hulivuta wimbi kwa lenzi ndefu hadi likawa karibu naye bila ya yeye kuwa karibu nalo. Picha za namna hiyo zina uzuri wake, na baadhi zimepata umashuhuri wa haki. Lakini zote zinashirikiana jambo moja: anayetazama hadaiwi kitu na anachokitazama. Wimbi likivunjika, halimvunjikii yeye. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui kina chake. Msemo huo, ambao siku hizi hutumiwa zaidi kwa mambo ya nchi kavu, hurudi katika maana yake ya asili pale inapohakikiwa kazi ya wale wanaowapiga picha wapanda mawimbi hali wao wenyewe wamo majini.

Sanaa hiyo ina makao yake ya kwanza Hawaii. Wenyeji wa visiwa hivyo huuita mchezo wa kupanda mawimbi heʻe nalu, yaani kuteleza kwa wimbi, na waliucheza, machifu kwa raia, karne nyingi kabla ya kamera kufika kwao. Kamera ilipofika, ilikaa pwani. Anayetajwa sana kuwa ndiye aliyeishusha majini ni Tom Blake, Mmarekani aliyezaliwa Wisconsin mwaka 1902, muogeleaji hodari na muunda mbao za kupandia mawimbi. Karibu na mwaka 1930 aliunda kasha lisilopenya maji la kutilia kamera yake aina ya Graflex, akatoka nayo juu ya ubao hadi mahali mawimbi ya Waikiki yanapoinuka. Jarida la National Geographic lilizichapisha picha zake katika toleo la Mei 1935.

Ukiona vyaelea vimeundwa. Katika sanaa hii kasha si chombo cha kuhifadhia tu. Kasha ndilo linaloamuru fani. Mwenye kamera iliyofungiwa hawezi kubadilisha lenzi katikati ya kazi. Alichokichagua akiwa pwani ndicho atakachokaa nacho majini. Katika zama za filamu, mkanda wa milimita 35 ulikuwa na picha 36, na baada ya hapo ilibidi kuogelea kurudi nchi kavu, kujikausha mikono, kulifungua kasha na kuanza upya. Kwa hiyo kila mbonyezo wa kitufe ulipimwa, kama mtunzi anavyozipima mizani zake akijua mshororo haumruhusu kuongeza hata moja.

Kioo cha mbele nacho kina hukumu yake. Nuru inapotoka majini na kuingia katika hewa iliyomo ndani ya kasha hupinda. Kikiwa kioo bapa, vitu vilivyo chini ya maji huonekana vimesogea na upana wa lenzi hupungua. Ndiyo maana wengi wakachagua kioo chenye umbo la kuba, ambacho huipokea miale ya nuru bila ya kuipindisha sana na huirudishia lenzi upana wake. Kwa lenzi pana sana, mtu aliye hatua mbili tu huonekana yu mbali. Anayetaka uso wa mpanda mawimbi uijaze picha hana budi kumngoja awe karibu kiasi cha kuguswa, naye anakuja kwa kasi akiwa na ubao wenye ncha. Na kabla ya hapo kuna tone. Tone moja la maji likiganda juu ya kioo huiharibu picha nzima, basi wapigaji wengi hukilamba kioo ili maji yatandae sawasawa badala ya kukusanyika. Ni kitendo duni, cha kinyama kidogo, kilicho nyuma ya picha zinazotundikwa leo katika kumbi za makumbusho.

Hapo ndipo mpenzi wa mashairi anapoweza kulifahamu jambo ambalo wahakiki wa picha hulipita. Katika utungo wa Kiswahili iko desturi kongwe ya kujibizana. Malenga hutoa shairi, na anayetaka kumjibu hatoki nje ya mpaka aliowekewa: hufuata vina vile vile, mizani zile zile, na zaidi ya yote hujibu katika bahari ile ile. Anayejibu utenzi kwa nathari hajajibu, amesema lake tu. Mpigaji aliye pwani humzungumza mpanda mawimbi kwa nathari. Mpigaji aliye majini anamjibu. Wimbi linalomnyanyua mmoja ndilo litakalompitia mwenziwe juu ya kichwa, na picha ni beti lililotungwa kati ya hayo mawili. Lugha yetu ilipoyapa mashairi na maji jina moja la bahari haikuwafikiria watu hawa, lakini imewafaa.

Kwa kipimo hicho, kazi ya Blake ni ya kuheshimiwa kwa zaidi ya utangulizi wake. Mawimbi ya Waikiki ni marefu na mapole, na mpigaji aliyekaa juu ya ubao huwatazama wapandaji kwa kimo kile kile ambacho wao wenyewe hutazamana. Hakuna anayetazamwa kutoka juu. Mtu haonekani kuwa pambo la mandhari, wala kisiwa hakionekani kuwa bidhaa ya watalii. Anaonekana mtu anayelijua jambo lake, akitazamwa na mtu mwingine aliyejifunza jambo hilo hilo.

Waliomfuata waliurithi msimamo huo. John Ball, daktari wa meno wa California aliyejulikana kwa jina la Doc, aliunda kasha lake mwenyewe, na mwaka 1946 akatoa kitabu California Surfriders, ambacho ni kumbukumbu ya marafiki kabla ya kuwa kitabu cha sanaa. LeRoy Grannis, aliyezaliwa 1917 na kuanza kupiga picha hizi akiwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, aliitatua shida ya filamu kwa sanduku lenye bitana ya mpira lililoshikamana na ubao wake, akaweza kubadilisha mkanda bila ya kurudi pwani. Matokeo ya hila hiyo ndogo yanaonekana katika kazi yake ya miaka ya 1960. Mpigaji asiyelazimika kuondoka huanza kuona yaliyo kati ya tukio na tukio: watu wakingoja, wakiitazama pembe ya bahari, wakipishana. Mpanda mawimbi wa Grannis ana wenzake. Dhamira kuu ya kazi hiyo ni ujirani, na ujirani hauonekani kwa anayekuja na kuondoka.

George Greenough, Mmarekani aliyezaliwa 1941, alikwenda hatua moja mbele. Alijifunga kamera nzito mwilini, akapanda wimbi kwa magoti, akaingia ndani yake. Wimbi linapofika penye mwamba wa kina kifupi, sehemu yake ya chini huzuiliwa na ya juu huendelea na safari, ndipo linapojikunja na kuacha pango la maji linalokimbia. Humo ndimo Greenough alimoipeleka kamera. Filamu Crystal Voyager ya mwaka 1973 inamalizia kwa sehemu ndefu ya mapango hayo, ikiandamana na muziki wa kundi la Pink Floyd. Hakuna aliyeiona akabaki na wazo lile lile kuhusu maji. Kuta zinapumua, nuru inapita kama katika kioo cha chupa, mlango wa mbele unafunguka na kufumba.

Hata hivyo uhakiki hauna budi kuuliza: mtu yuko wapi? Kamera ilipomkaribia mpanda mawimbi hadi kuwa macho yake, yeye mwenyewe alitoweka. Mtazamaji anapewa anachokiona mpandaji, lakini hapewi mpandaji. Anayejibu amechukua nafasi ya aliyeanza, na majibizano yamegeuka kuwa usemi wa nafsi moja. Kwa Greenough, aliyekuwa wa kwanza na aliyelipa kwa mwili wake, usemi huo ni mkubwa. Kwa waliomwiga, pango la maji limekuwa taswira iliyochakaa. Lile duara la nuru mwishoni, zile kuta za kijani, yule mtu mweusi kama kivuli katikati, vimerudiwa hadi jicho haliyaoni tena maji, bali huikumbuka picha nyingine iliyotangulia.

Njia nyingine ya kumwondoa mtu ni ya Clark Little, anayefanya kazi kisiwani Oahu tangu mwaka 2007. Yeye husimama pale mawimbi yanapovunjikia karibu na mchanga wenyewe, mahali pa hatari kuliko panavyodhaniwa, na mengi ya mawimbi yake hayana mpandaji. Kitabu chake The Art of Waves cha mwaka 2022 ni ushahidi wa ustadi mkubwa. Mchanga uliochotwa ndani ya wimbi, jua la asubuhi likipita katika ukuta mwembamba wa maji, minazi ikionekana kwa ndani kama kupitia dirisha: hayo yote ni kweli na ni mazuri. Ila uzuri huo unapoenea ukurasa baada ya ukurasa, wimbi huanza kufanana na kito kilichowekwa dukani. Halimwendei mtu. Anayeandika juu ya bahari pasipo chombo, pasipo mvuvi, pasipo hata nyayo, anaweza kuandika beti tamu, lakini beti la ishirini litafanana na la kwanza.

Pigo kubwa zaidi kwa majibizano haya, hata hivyo, limetokana na vikamera vidogo vilivyoenea kuanzia miaka ya mwisho ya 2000, ambavyo mpandaji hujibandikia ubaoni au huvishika mwenyewe. Si haki kuvilaumu kwa urahisi wake. Vimewapa picha zao wenyewe vijana ambao hakuna mpigaji ambaye angeogelea kwa ajili yao, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini anayejipiga mwenyewe anajijibu mwenyewe. Katika picha hiyo hakuna aliyemngoja. Hakuna aliyechagua kati ya mawimbi kumi kwamba hili ndilo, kwa sababu kamera isiyochoka haichagui.

Atatokea wa kusema kwamba picha huhukumiwa kwa kilichomo ndani yake, si kwa jasho la aliyeipiga. Kwamba shairi baya haliwi zuri kwa kuwa mtunzi alikuwa na njaa. Hoja hiyo ina uzito, na ingeshinda kama alama za mwili wa mpigaji zisingekuwamo ndani ya picha. Zimo. Mstari wa maji unaokikata kioo, upeo ulioinama kwa sababu aliyeshika kamera alikuwa akinyanyuliwa, mpandaji aliyekwisha kuanza kukwepa kwa kuwa ameliona jicho mbele yake: hizo si habari za nje ya kazi, hizo ndizo fani yenyewe. Picha nzuri ya majini huonekana kuwa imepigwa na mtu ambaye muda mfupi baadaye alizama.

Wengine hawakuibuka. Mwaka 2005 mpiga picha Jon Mozo alifariki akiwa kazini katika mawimbi ya Pipeline, kaskazini ya Oahu, mahali ambapo wimbi kubwa huvunjikia juu ya mwamba ulio karibu sana na uso wa maji. Kifo cha msanii hakiongezi thamani ya kazi yake, na kukitumia kama pambo la makala ni utovu wa adabu. Kinachofaa kusemwa ni kwamba hatari aliyokuwamo haikuwa kubwa wala ndogo kuliko ya wale aliokuwa akiwapiga picha. Ilikuwa ni ile ile. Usawa huo ndio uliompa mpigaji wa majini haki ya kuwa karibu na mwenziwe. Ukaribu usio na usawa ni udukuzi.

Wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, ambako miamba ya nje mahali pengi huyavunja mawimbi makubwa kabla hayajafika ufukoni, huenda wakauona mchezo wenyewe kuwa wa mbali. Swali lililomo ndani yake si la mbali. Bahari yetu imetungiwa na waliokuwa barazani na waliokuwa chomboni, na sikio lililozoea hutofautisha. Wa barazani hulitaja wimbi kwa jina lake la jumla. Wa chomboni husema lilitoka upande gani, nani alikuwa omoni, na lilipopita walibaki wangapi. Picha za Blake na Grannis, pamoja na uchache wa zana zao, ni za chomboni. Nyingi za leo, pamoja na kung'aa kwake kote, zimerudi barazani zikiwa zimelowa. Anayezipitia apaswa kuacha kuuliza kamera ilifika karibu kiasi gani, bali aulize ndani ya maji yale mlikuwamo watu wangapi, na kama mmoja wao alimwona mwenziwe.