Kisomaji Kilichomo Simuni: Uhakiki wa Kiolesura cha Kadi za Chipu kwa Kuangalia Hali ya Rumonge

Mijadala ya utambulisho wa kidijiti katika Afrika Mashariki huchukulia kwamba kisomaji cha kadi za chipu ni chombo cha ofisini, kinachochomekwa kwenye kompyuta na kusimamiwa na karani. Katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika dhana hiyo haisimami. Mjini Rumonge, panapouzwa mawese na ndagala, kisomaji kilichoenea kuliko vyote ni tundu la laini ndani ya simu. Laini yenyewe ni kadi ya chipu kamili: ina kichakataji, kumbukumbu na namba ya siri, na hufuata kanuni zilezile za ISO/IEC 7816. Suala lililopo ni namna mfumo endeshi unavyolifikisha tundu hilo kwa programu tumizi, kwani hapo ndipo huamuliwa nani aruhusiwe kuzungumza na kadi.

Usanifu uliotangulia ni wa PC/SC, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1997. Uzuri wake umo katika mgawanyo wa kazi. Kiendeshi hakijui maana ya ujumbe. Huipa kadi umeme, hupitisha baiti, na hutoa taarifa kadi inapoingizwa au kuchomolewa. Juu yake yupo msimamizi wa zamu, ili programu mbili zisigongane. Programu yoyote yaweza kutuma amri. Kadi ndiyo inayokataa isichopaswa kutenda. Kasoro hazikosekani. Tangu Windows 8, programu inayoshika zamu kwa zaidi ya sekunde 5 bila kutuma amri hukuta kadi imewashwa upya na uthibitisho wa namba ya siri umefutika. Ni sheria ya mezani, isiyomfaa mtu anayehesabu masanduku ya samaki huku akishika simu kwa mkono mmoja.

Android imeugeuza usanifu huo. Tundu limewekwa chini ya modemu, na kiolesura kilichoingizwa katika Android 9, mwaka 2018, hufungua njia pale tu kanuni za ruhusa zilizoandikwa ndani ya laini zinapoitambua programu inayoomba. Mwandishi wa kanuni hizo ni mtoa kadi, yaani kampuni ya simu. Zisipokuwepo, jibu ni kukataliwa. Mwenye simu, aliyeinunua kwa fedha zake, hakuulizwa popote.

Hoja ya usalama haina budi kusikilizwa. Programu yenye nia mbaya ingeweza kukosea namba ya siri mara 3 kwa makusudi na kuifunga laini, na kwa muuza samaki anayeweka fedha zake katika Lumicash hasara hiyo si ndogo. Hata hivyo, hoja hiyo inadai kuzuiwa kwa amri chache. Haitoshi kuhalalisha kufungwa kwa mlango mzima. Simu hizohizo zenye NFC huiachia programu yoyote iliyopewa ruhusa na mwenye simu isome pasipoti ya kielektroniki, na chipu ya pasipoti hujilinda yenyewe kwa kudai kwanza ufunguo unaotokana na maandishi yaliyochapishwa ndani yake. Bahati mbaya, simu za bei nafuu kwa kawaida hazina NFC. Mlango ulio wazi umewekwa katika simu za wenye uwezo.

Kufungua kiolesura pekee hakutoshi, kwa kuwa kusakinisha programu ya saini ndani ya laini kunahitaji funguo za kampuni. Njia iliyo karibu zaidi ni tundu la pili. Ushirika wa wavuvi waweza kutoa kadi yake yenyewe, iliyokatwa kwa ukubwa wa laini na kubeba kanuni zake za ruhusa, ili wanachama watie saini stakabadhi za mzigo. Kikwazo ni modemu: kadi isiyo na programu ya mtandao wa simu yaweza kuhesabiwa kuwa mbovu, na kisomaji kisionekane kabisa. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi iliingia mwaka 2007, inaweza kudai katika viwango vya simu zinazoingizwa sokoni kwamba tundu la pili lipokee kadi yoyote inayofuata ISO/IEC 7816. Sharti hilo halihitaji kadi mpya ya taifa wala kisomaji kipya mezani kwa karani.