Maji Baridi, Chumvi na Maji Magumu katika Habari za Konokono

Istilahi ikisomwa peke yake katika orodha huweza kuonekana safi kabisa. Taabu huanza inapokutana na nyingine katika sentensi. Tuchukue habari za konokono waenezao kichocho, yaani Bulinus na Biomphalaria, ambazo walimu na mabwana afya hawana budi kuzieleza kwa Kiswahili.

Konokono hawa huitwa "wa maji baridi". Kumbe wao hustawi zaidi katika maji ya vuguvugu, yenye joto la nyuzi 25 hivi za Selsiasi. Msomaji asiyejua kwamba "baridi" hapa ni kinyume cha "chumvi" atadhani dimbwi lililopata jua ni salama, nalo huenda ndilo la hatari. "Maji matamu", au "maji ya pepo" kama walivyosema wazee wa pwani, yasingeleta kosa hili.

"Chumvi" ina balaa kubwa zaidi. Kwa mkemia, kaboneti ya kalisiamu ni chumvi, na konokono huhitaji kalisiamu iliyoyeyuka majini ili ajenge gamba lake. Basi mwanafunzi husoma kwamba konokono hawa hawaishi katika maji ya chumvi, kisha husoma kwamba hawakui vema pasipo chumvi majini. Sentensi zote mbili ni kweli, na mwanafunzi hana pa kushika. Katika vijitabu vya afya twapendekeza "chokaa", neno ambalo kila mwashi na kila mla tambuu analijua. Mkemia atanung'unika, na ana haki. Vitabu vyake viendelee na kalisiamu.

"Maji magumu" twayakubali. Ni tafsiri ya neno kwa neno, lakini mfuaji aliyeona sabuni ikikataa kutoa povu huielewa mara moja. A. E. Boycott, katika uchunguzi wake wa Uingereza uliotolewa mwaka 1936, alionyesha kwamba baadhi ya spishi za konokono kwa kawaida huhitaji maji yenye angalau miligramu 20 za kalisiamu kwa lita. Mwandishi asiruke kutoka hapo akasema kwamba maji laini hayana konokono. Wako wanaoishi humo, wakikua polepole, gamba likiwa jembamba.

Maji yenye asidi huliyeyusha gamba lenyewe. Wako wanaoyaita "maji machachu". Sisi twashikilia "asidi", maana mtu anaweza kuyaonja maji hayo ya kijito asisikie uchachu wowote.